Mama Mkwe Ana Kipenga

Jumapili, 9 Juni

Mwili mzima unauma, ila kinachouma zaidi ni heshima yangu. Jana timu yetu ya raga imewafunga watu wa kiwanda cha matofali na sasa tuko fainali. Wachezaji wote walibebwa juu juu. Mimi nilitembea kwa miguu yangu hadi nyumbani. Nimepigiwa kipenga mara nne katika mechi moja. Mara nne! Na mpigaji ni mama mkwe wangu mtarajiwa.

Niandike vizuri, maana wajukuu watakuja kusoma. Mama wa mchumba wangu alikuwa mkunga. Alipostaafu akasema hawezi kukaa nyumbani kuhesabu nzi, akaenda kusomea urefa wa raga. Mtu aliyezoea kuwaamuru watu wasukume, na waache kusukuma, na wakamtii, utamwambia nini uwanjani? Hana upendeleo. Hata mwanawe wa kumzaa, Kinyozi, anayecheza timu yetu, hajawahi kusamehewa. Ila Kinyozi hakosei, mnafiki yule. Amekulia chini ya amri zake.

Kosa langu ni lilelile. Mtu akiangushwa na mpira, mmoja wetu na mmoja wao wakasimama juu ya mpira wakasukumana bega kwa bega, hapo rundo limezaliwa. Likishazaliwa, marufuku kugusa mpira kwa mkono. Anayetaka kujiunga aje kutoka nyuma, upande wa kwao, amkumbatie mwenzake kwa mkono na abaki wima. Asiyejiunga akae nyuma ya mguu wa mtu wa mwisho wa rundo lao mpaka mpira utoke. Akiwa mbele ya mguu huo, ameotea. Basi, sheria ndiyo hiyo. Naielewa kabisa, nikiwa kitandani.

Uwanjani ni mambo mengine. Nyuma ni mbali! Mpira nauona, pembeni pako wazi, nizunguke kwenda wapi?

Baada ya mechi Mama aliniita kando. Alisema anajua nina nia na binti yake. Alisema hana neno na kazi yangu ya dobi, wala na sura yangu. (Pale kwenye sura alinyamaza kidogo. Sikupenda.) Ila mwanamume asiyeweza kusubiri kidogo tu nyuma ya mguu wa mwenzake, nyumba ataiwezaje? Akatoa hukumu. Fainali ni Jumamosi na refa ni yeye. Nikiingia rundo kwa pembeni, au nikiotea, hata mara moja, wazee wangu wasikanyage kwake kuleta posa mpaka msimu ujao uishe.

Msimu ujao unaisha mwakani! Mchumba wangu ameshakataa watu wawili wenye magari kwa ajili yangu. Nilipomweleza, hakulia. Alikaa akikunja na kukunjua kitambaa. Afadhali angelia.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata wazo. Wazo lenyewe ni dawa!

Kwa nini nihangaike na sheria, wakati tatizo ni kipenga? Nimenunua kipenga kipya cha kung'aa, chenye kamba nyekundu. Nikakitoa ile gololi ya ndani kwa koleo ya Fundi Bomba, nahodha wetu, ambaye hakuuliza koleo ni ya nini. Nikajaza pamba kidogo, nikajaribu. Kinatoa sauti ya mzee anayepuliza chai.

Jioni nikampelekea Mama, kimefungwa kwenye karatasi ya maua. Nikapiga goti kabisa. Alikipokea kwa mikono miwili, macho yakamlengalenga, akasema katika watoto wake wote hakuna aliyewahi kukumbuka kazi yake. Kinyozi alikuwepo, akanikata jicho. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi njia nzima.

Jumanne, 11 Juni

Nimeumbuka.

Mama alikuja kwenye mazoezi kutupa somo la sheria kabla ya fainali. Akatoa kipenga changu, akakipuliza. Fyuu. Akakitazama, akakipuliza tena. Fyuu. Akakitia mfukoni polepole, akaingiza vidole viwili mdomoni. Lahaula! Ile sauti! Mbwa walikuja kutoka mitaa ambayo sijui hata inaitwaje. Ngongoti, mrefu wetu, alijikuta amelala chini na hakuna aliyemsukuma.

Mama akasema vipenga vya siku hizi ni takataka, Jumamosi atatumia vidole, havina mtengenezaji wa kumlaumu. Alisema hivyo akinitazama mimi. Kinyozi akaniwekea mkono begani, akaniita shemeji kwa sauti ya asali, akaniuliza kama kipenga kile nilikinunua duka la dawa.

Halafu Mama akasema kwa kuwa mimi ni mtu mkarimu, nije mbele niwe mfano. Kazi yangu ikawa kuinama na kuwa mguu wa nyuma kabisa. Timu nzima ilijipanga nyuma ya kisigino changu, ikasogea, ikarudi, ikasogea. Nilisikia kila walichosema kuhusu soksi zangu.

Jumatano, 12 Juni

Nimeamua kujikaza kisabuni na kufanya mazoezi kwa siri. Wakati wa mapumziko kazini nikabaki chumba cha kukamulia nguo, nikapanga makapu ya magurudumu, yale ya mashuka ya hospitali. Kapu la kwanza ni mtu wetu, la pili ni mtu wao, katikati furushi la foronya ndiyo mpira. Mchumba wangu, ambaye kazi yake ni kushona mashuka yaliyochanika, akasimama mlangoni kuniamulia.

Mara ya kwanza niliingia pembeni. Mara ya pili pembeni. Mara ya tatu nikapiga moyo konde, nikaanza kutoka nyuma kabisa, vizuri, kichwa chini. Sijui miguu iliamua lini. Nikajikuta pembeni tena, nimelipiga kapu ubavuni, kapu likaondoka na mimi ndani yake, likateremka njia ya mteremko mpaka ofisini kwa msimamizi. Mashuka yote yamerudi kufuliwa. Nimeyafua mimi.

Mchumba akaniuliza kwa upole kwa nini nisizunguke tu. Nikamwambia yeye ni fundi wa sindano, hajui mambo ya mbio. Sikupaswa kusema vile. Amenuna mpaka saa ya kutoka, na alipopita karibu yangu alipita kama ninanuka.

Jumamosi inakuja. Maji yamenifika shingoni.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeamka na akili mpya! Mimi si mkorofi, mimi sioni. Katikati ya miguu kumi na mingine imetapakaa, nani anajua upi ni wa mwisho? Hata mwenye macho ya paka angeotea.

Sasa, rundo likizaliwa, mtu wetu wa mwisho huwa ni Ngongoti. Kila siku Ngongoti, maana ndiye mzito wa kufika. Na ana miguu mirefu inayobaki nyuma hata yeye akiwa ameshafika mbele. Basi nimvishe Ngongoti soksi za rangi kali, mimi nitafute rangi tu. Nyuma ya rangi, niko salama. Kazi imekwisha.

Nilikwenda chumba cha kushonea na maneno matamu. Nikaomba radhi kwa yale ya jana, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa hadi chupa ikaisha. Mchumba akacheka, bila kutaka. Ameshona soksi mbili za njano kali, kutoka kwenye kitambaa cha fulana za wajenzi wa barabara. Ngongoti amezipenda, analala nazo.

Fundi Bomba akauliza swali la kijinga. Akauliza, je, Ngongoti asipokuwa kwenye rundo? Nikamwambia abaki na mabomba yake.

Ijumaa, 14 Juni

Mchumba wangu amenisindikiza hadi njia panda. Akasema jambo moja. Akasema amechoka na mbinu zangu. Hataki soksi, hataki vipenga, hataki makapu. Anataka kesho nikae nyuma ya mguu wa mwisho kama mtu mzima, kwa ajili yake, basi. Mama yake akishasema neno halirudi, na yeye hawezi kuondoka nyumbani bila baraka za mama yake, na mwaka mzima mwingine wa kuulizwa na mashangazi utamuua.

Nampenda. Naandika hapa kwa sababu mdomoni haitoki vizuri, inatoka kama mzaha. Nampenda na naogopa kesho kuliko nilivyowahi kuogopa kitu.

Kwa hiyo nimekwenda kwa Kinyozi kupanga mbinu ya ziada.

Nimemwomba kila rundo likizaliwa anishike bukta kwa nyuma asiniachie mpaka mpira utoke. Ilikuwa aibu kumwomba yule. Akasema atakubali, ila kwanza anikate nywele anavyotaka yeye, na nisimwulize. Nilikaa kwenye kiti. Amenipiga upara. Upara mtupu unaong'aa! Akasema ni ili Mama asipate tabu ya kuniona.

Jumamosi, 15 Juni

Sijui nianzie wapi.

Wapinzani wetu wa fainali, watu wa kiwanda cha magodoro, ni wanene na wapole, wakikuangukia huumii, lakini hupumui. Uwanja ulijaa. Mchumba alikaa mbele, mikono ameibana kati ya magoti. Mama aliingia na kilemba cheupe na vidole vyake viwili.

Kipindi cha kwanza, nilikuwa malaika. Rundo, natafuta njano, nakaa nyuma ya njano. Rundo, njano, nyuma. Kinyozi anavuta bukta, Fundi Bomba anashangaa, Mama ananipita bila kunitazama. Nilianza kujipiga kifua.

Kipindi cha pili, rundo likazaliwa katikati, nikaiona njano, nikakimbia nikasimama nyuma yake kwa adabu zote. Nikashangaa mbona nimezungukwa na watu wa magodoro. Kumbe Ngongoti hakuwa kwenye rundo! Alikuwa mbele kabisa, kwao, amekaa chini anakaza kamba za kiatu! Mama alikuwa anageuza shingo. Wakati huohuo Kinyozi akanivuta bukta kwa nguvu zake zote, nikarudi kinyumenyume kama mtu aliyefungwa kamba, bukta ikachanika kutoka juu hadi chini. Lakini Mama alipomaliza kugeuka, nilikuwa nyuma. Nusu uchi, lakini nyuma. Sikujua kama nimshukuru Kinyozi au nimpige.

Tukafika mwisho. Tunaongoza kwa pointi mbili. Mtu wetu akaangushwa na mpira karibu kabisa na mstari wetu. Kinyozi akasimama juu ya mpira peke yake, wao watatu wanamsukuma. Fundi Bomba anapiga kelele aje mtu, aje mtu! Aliyekuwa karibu ni mimi. Nikatazama pembeni kama kawaida yangu. Pembeni kulikuwa na mtu wa magodoro, mpana, haiwezekani hata paka kupita. Njia iliyobaki ilikuwa nyuma, imenyooka.

Nikafumba macho. Nikaja kutoka nyuma, kichwa chini, miguu ardhini, nikamkumbatia wa mwisho kwa mkono, nikambana, nikasukuma kwa moyo wangu wote. Rundo likasogea! Kwa mara ya kwanza maishani nimeingia kihalali, nikahisi machozi. Halafu nikasikia sauti tulivu kutoka chini ya kwapa langu, ikisema mpira bado uko ndani, endelea.

Nilifumbua macho. Nilikuwa nimemkumbatia Mama.

Alikuwa amesogea karibu achungulie mpira. Mimi nikambeba kama mchezaji, nikamsukumiza rundoni. Mama mkwe! Mtu ambaye hata kumpa mkono huwa natazama chini! Nikamwachia, akaanguka kwenye tope, kilemba upande. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baada ya hapo sikufikiri mchezo. Nilimwona mama wa watu chini, basi. Nikakimbia kuzunguka rundo, nikatokea upande wa magodoro, nikajipenyeza kwa pembeni, mpira ulikuwa karibu na kichwa chake, nikausogeza kwa mkono usimuumize, nikamshika mabega kumwinua, nikimwomba radhi na kumwita mama, mama, mama.

Akiwa bado amelala kwenye tope, alitia vidole mdomoni.

Penalti. Alisimama, akajifuta, akaeleza mbele ya watu wote bila kukasirika. Alisema kuingia kwangu kwa kwanza kulikuwa safi kabisa, kutoka nyuma, kwa mkono, kwa miguu. Refa kuangushwa ni bahati mbaya. Makosa ni ya baadaye: nimeotea, nimeingia pembeni, nimegusa mpira rundoni kwa mkono. Matatu kwa pamoja. Akasema hajawahi kuona.

Watu wa magodoro wakapiga penalti, wakapata tatu, wakashinda kwa moja. Nilipomtafuta mchumba wangu, kiti chake kilikuwa kitupu.

Jumapili, 16 Juni

Asubuhi sikutoka nje. Watoto walikuwa wanaigiza mtaani. Mmoja alijifanya mimi, mwingine Mama. Aliyenifanya mimi alikuwa na kipaji, sikatai.

Mchana Mama akaniita. Nilikwenda. Nilimkuta ameloweka mguu kwenye beseni, mchumba wangu amekaa nyuma yake, macho mekundu, hanitazami. Kinyozi alikuwa anakunywa chai kwa kelele.

Mama akasema neno lake ni neno. Alisema hata mara moja, na mimi nimefanya mara tatu kwa mpigo. Nikasema ndiyo, Mama. Akaniuliza nilikuwa nafikiria nini. Sikuwa na mbinu. Nilitafuta, kwa kweli nilitafuta, nikakuta kichwa ni upara ndani na nje. Nikamwambia sikufikiria mpira, nilimwona yeye yuko chini na watu watamkanyaga. Nikaomba asimkasirikie binti yake. Nikasema nitasubiri mwakani, na mwaka mwingine tena akitaka, ila asiniambie nisimsubiri.

Hata Kinyozi aliacha chai.

Mama akasema kama refa, penalti ile angeipiga tena leo. Kama mama, ana jambo jingine. Alisema ameangushwa viwanjani zaidi ya mara moja, na kila mara wachezaji humruka wakaendelea na mpira wao. Watu wa matofali wiki iliyopita walimkanyaga mkono. Mtu aliyeacha fainali akaja kumwinua, ameonekana jana kwa mara ya kwanza, na bahati mbaya ni huyu. Akasema wazee wangu waje tarehe thelathini.

Mchumba akaangua kilio. Mimi nikaangua kilio. Kinyozi akasema ana kitu kwenye jicho.

Ila kuna sharti. Siku hiyo wazee wakiwa ndani, mimi nikae nje kwenye benchi. Nisiingie, nisitume ujumbe, nisikohoe, mpaka niitwe. Niliapa kwa kila kilicho hai.

Jumapili, 30 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi. Suti inabana. Nywele zimeanza kuota, zinawasha.

Wazee wameingia zamani. Mwanzo nilisikia vicheko, nikafurahi. Halafu nikasikia mjomba anakohoa, na mjomba akikohoa ujue amesahau alichotaka kusema. Mchumba alichungulia, akanionyesha kwa mikono nikae, nikae. Nimekaa! Nani kasema sijakaa?

Sasa wamenyamaza. Kimya kabisa. Ukimya wa namna hii si mzuri, naujua. Mjomba hajui kueleza mambo yangu, ataeleza ya kaka yangu. Hajui hata kwamba nimepandishwa kuwa msaidizi wa mashine ya pili. Neno moja tu linatosha kubadilisha mambo yote, na neno lenyewe ninalo hapa.

Kinyozi aliyewekwa kunilinda amekwenda kunywa maji. Mlango wa mbele umezuiwa na viatu vya wageni, nikipita huko nitaonekana. Lakini hili dirisha la pembeni liko wazi, tena chini chini, mtu anaingia bila kuvua hata koti.

Nitaingia mara moja tu. Nimnong'oneze mjomba sentensi moja, nitoke kabla Mama hajageuka. Na wala hii si kuotea. Hapa hakuna hata mpira.